Mama anajua nafanya kazi kambini, hajui kwamba kila jioni nazomewa

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 26, naishi Hull, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini, Kongo. Mimi nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, na nilikaa pale mpaka nilipofika miaka 11, tulipopata nafasi ya kuletwa huku. Kiswahili changu ni cha shule ya kambini, unisamehe nikikosea.

Kazi yangu ni mieleka. Si ile ya Olimpiki, ni ile ya maonyesho, ambapo mshindi anajulikana kabla hatujapanda ulingoni. Nazunguka na wenzangu saba kwenye kambi za likizo. Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuziona: ni kama kijiji kilichozungushiwa uzio kando ya bahari, chenye vyumba vya kulala, mabwawa ya kuogelea, michezo ya watoto na kumbi za muziki. Familia inalipa mara moja, inakaa siku nne au wiki, na burudani zote zimo humo humo. Sisi ni mojawapo ya burudani hizo. Shule zikifungwa tunafanya maonyesho karibu kila siku, leo kambi hii, kesho nyingine, na kati yake kuna safari ya saa tano au sita. Ulingo tunaufunga wenyewe: nguzo za chuma, mbao, godoro jembamba la sponji, turubai juu. Onyesho likiisha tunaufungua, tunaupakia kwenye gari, na mimi ndiye dereva kwa sababu leseni yangu ni safi. Majira ya baridi kambi zikipungua wageni nafanya kazi ghalani.

Katika mieleka yetu kuna mwema na kuna mbaya. Waingereza wa kazi hii humwita mwema “macho ya buluu” na mbaya “kisigino”. Mimi ni kisigino tangu nianze, huu mwaka wa nne. Naingia nimeinua pua, nawaambia watoto wanyamaze. Refa akigeuka namkanyaga mwenzangu vidole. Refa akinigeukia nakutanisha viganja kama niko kanisani. Watoto 400 wanapiga kelele kumwonyesha refa, na refa haoni. Mwishoni napigwa, ukumbi unalipuka, wanaenda kulala wakiamini kwamba haki imetendeka. Naipenda kazi hii, Shangazi. Hakuna mahali pengine nimewahi kuwashika watu 400 kwa nyusi tu.

Sasa shida. Promota wetu ameniita mwanzoni mwa mwezi huu akasema uhusika wangu umechuja, anataka nibadilike kabla ya likizo ndefu. Nitaitwa Mchawi wa Kongo. Niingie bila viatu, uso umepakwa chokaa, mifupa ya plastiki shingoni, ngozi ya chui ya dukani. Nisiseme Kiingereza kabisa, niropoke “kiafrika”. Nikamuuliza, kiafrika ipi? Akasema yoyote, hawatajua. Sasa hivi napata pauni 60 kwa onyesho, ataniongeza hadi 80. Nilipokaa kimya akaniambia ni utani tu, wazee weusi wa zamani walifanya hivyo hivyo na wakaheshimika.

Nyumbani ni jambo jingine. Mama hajui napigana. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba nimepata kazi kambini, aliweka kijiko chini akanitazama. Kwake kambi ni foleni ya mgao wa unga, ni hema linalovuja, ni kwenda porini kutafuta kuni kwa hofu. Nikamweleza kwamba hii ni kambi ya starehe, nafundisha watoto michezo, akatulia. Nikimwambia mieleka, atafikiria kachi ya Kinshasa, ile ya wapiganaji wanaoingia na hirizi na mpinzani anaanguka bila kuguswa. Mama ni mtu wa kanisa, anasali kwa Kibembe kila alfajiri, na shangazi yake kule Fizi alichomewa nyumba kwa hilo neno moja, mchawi.

Na akina mama wa kanisa lake wamelipia siku nne mwezi wa nane, katika kambi mojawapo ninayofanya, wiki ile ile yetu. Mama amefurahi hajapata kuona. Anasema ataniona nikiwafundisha watoto.

Mimi pia siko sawa sana siku hizi, huenda ndiyo maana mawazo yananizidi. Kichwa kinanisumbua tangu likizo fupi ya mwisho wa mwezi wa tano, siku tisa sasa. Nilitua vibaya, kisogo kikagonga ubao, na taa za ukumbini zinanichoma macho. Lakini hilo kwetu ni la kawaida, nameza paracetamol. Pambano nilimaliza vizuri, ila baadaye nilisahau nilipoegesha gari la ulingo, wenzangu wakacheka sana. Kesho yake nilifanya maonyesho mawili.

Nikubali huo uhusika mpya kwa sababu ya hela? Nimwambie mama, au nibadilishane zamu na mtu wiki ile? Nisaidie, Shangazi.

Kisigino, Hull

*

Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako hakihitaji kuombewa msamaha. Nyarugusu walikufundisha vizuri.

Umeniuliza kuhusu jina na kuhusu mama, na nitakujibu. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu na kila mara nakwama pale karibu na mwisho, penye maneno “hilo kwetu ni la kawaida”. Umegonga kisogo. Umesahau ulipoacha gari. Siku tisa baadaye taa bado zinakuchoma. Siku iliyofuata ulirudi ulingoni mara mbili, na katikati ya hayo yote wewe ndiye unayeshika usukani usiku, wenzako saba wamelala nyuma pamoja na nguzo za chuma.

Hayo yanafanana kabisa na mtikisiko wa ubongo. Haumhitaji mtu azimie. Wengi wanaoupata hawazimii. Kusahau mambo ya dakika chache zilizopita ni dalili yake mojawapo, na siku ile wenzako waliicheka kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuitambua. Kinachotisha zaidi ni pigo la pili kabla la kwanza halijapona. Ubongo uliokwisha kutikiswa ukigongwa tena, hata kwa pigo dogo, unaweza kuvimba na kumuua mtu kijana mwenye nguvu zake. Ni nadra, lakini hutokea, na wanaopatwa zaidi ni vijana.

Uingereza walitoa mwongozo mwaka 2023 kwa ajili ya michezo ya kawaida, ile ya mitaani na mashuleni. Unasema mtu anayeshukiwa kutikisika ubongo atolewe mchezoni papo hapo, hata kama anajiona mzima. Apumzike saa 24 hadi 48. Asiguse mazoezi ya kugongana mpaka apitishe siku 14 bila dalili yoyote, na asirudi kwenye mashindano kabla ya siku ya 21. Wewe ulirudi kesho yake. Kwako siku 14 hazijaanza hata kuhesabiwa, kwa sababu dalili bado zipo.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, piga 111, simu ya ushauri wa afya. Ni bure. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, na lile la gari usiliache. Kichwa kikizidi kuuma, ukitapika, ukiona vitu viwili viwili, usingizi ukikuzidi isivyo kawaida, mkono au mguu ukilegea, au ukipata degedege, hiyo ni 999, simu ya dharura, usisubiri mtu akushauri. Na usiendeshe gari. Najua kwamba bila wewe ulingo haufiki. Basi usifike.

Utaniambia mieleka yenu ni maonyesho. Ndiyo, mshindi amepangwa, refa amepangwa, hata kilio chako ukikanyagwa kimepangwa. Ubao haukuwepo kwenye kikao hicho. Mwezi wa nane mwaka 1987, Great Yarmouth, mji wa likizo wa pwani hiyo hiyo ya mashariki, Mal Kirk alianguka ulingoni baada ya Big Daddy kumlalia kwa uzito wake wote, na akafariki. Big Daddy ndiye aliyekuwa kipenzi cha watoto wa nchi nzima kupitia televisheni. Uchunguzi ulikuta Kirk alikuwa na ugonjwa wa moyo. Mpinzani wake hakulaumiwa. Lilikuwa pambano la kufurahisha familia, jioni ya kiangazi, kama yako.

Ubaya wa kazi yenu ni kwamba imeangukia kwenye ufa. Wabunge wa huko walioichunguza mieleka walitoa ripoti mwaka 2021, na mojawapo ya mambo waliyoyaona ni kwamba haijulikani vizuri kama ni mchezo au ni sanaa ya jukwaani. Ikiwa mchezo, kuna chama cha kukuwekea daktari. Ikiwa sanaa, kuna taratibu za majukwaa. Mnapokuwa katikati, mnabaki na kopo la barafu na paracetamol. Na kwa kuwa umejiajiri, malipo ya ugonjwa ya kisheria ambayo mwajiriwa hupata wewe hupati. Naelewa kabisa kwa nini ulipanda ulingoni kesho yake. Nenda ofisi ya Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, ya mjini kwenu uulize unaweza kusaidiwa nini kwa wiki hizi usizofanya kazi. Piga pia simu chama cha wasanii cha Equity, waulize masharti ya kujiunga kwa mtu wa mieleka. Hata kama utalipa ada, ni afadhali kuwa na mtu nyuma yako siku promota atakapokuambia “panda au ondoka”.

Sasa tuje kwa huyo mchawi.

Kwanza nikwambie kitu kuhusu ukisigino, kwa sababu kuna wasomaji watakaoona kazi yako nzima ni aibu, na mimi si mmoja wao. Niliishi Leicester miaka tisa. Mwezi wa nane mmoja tulijibana tukawapeleka wanangu wawili Skegness, kwenye ile kambi ambayo Billy Butlin aliifungua mwaka 1936. Jioni ya pili kulikuwa na mieleka. Mbaya wa siku hiyo alikuwa mzungu mnene mwenye kaptula ya kung'aa, na mwanangu mdogo, miaka sita, alimzomea mpaka sauti ikakauka. Baadaye tukipita nyuma ya ukumbi kwenda chumbani tukamkuta yule mtu amekaa kwenye ngazi, mfuko wa njegere za barafu juu ya goti, anakula chipsi. Mwanangu akajificha nyuma yangu. Yule mtu akamtazama, akakunja uso wa ubaya kwa sekunde moja tu, kisha akamnyooshea pakiti ya chipsi. Mtoto akachukua moja. Usiku ule hakulala, alikaa akimweleza kaka yake kwamba amekula chipsi za adui.

Tangu siku hiyo siwezi kumdharau mtu anayelipwa kwa kuzomewa. Mtoto anahitaji kumwona mbaya akishindwa, na lazima awepo mtu mzima mwenye moyo wa kuubeba huo ubaya kila jioni bila kuchukia. Wewe una kipaji hicho. Kukutanisha viganja kama uko kanisani, hiyo nimeiona hapa nilipo na nimecheka.

Lakini angalia kinachozomewa. Leo watoto wanazomea unachokifanya: umedanganya, umekanyaga vidole, umejifanya malaika. Ukivaa mifupa ile, watakuzomea kabla hujafanya lolote. Watazomea miguu mitupu na lugha wasiyoijua. Kati ya watoto hao 400 atakuwepo mweusi mmoja, pengine wawili, wamekaa na wenzao wa darasani, na Septemba shule ikifunguliwa wataitwa jina lako. Na hiyo lugha utakayoropoka “kwa sababu hawatajua” ndiyo hii unayoniandikia, au ni ile ambayo mama yako anasalia alfajiri. Ukitafuta maneno ya kuropoka utayatoa wapi, mwanangu, kama si mdomoni mwake?

Promota wako amekwambia wazee weusi walifanya hivyo. Walifanya, kweli. Tumtazame mmoja wao, kwa sababu alibeba jina la eneo letu. Kamala, “Jitu la Uganda”, aliyekuwa maarufu Marekani miaka ya 80, hakuwa Mganda. Jina lake James Harris, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1950. Uhusika wake ulibuniwa Memphis mwaka 1982: miguu mitupu, rangi usoni, nyota na mwezi vimechorwa kifuani na tumboni, kitambaa kiunoni, na haongei. Mwaka 1992 alipigana na Undertaker katika uwanja wa Wembley, hapo hapo Uingereza, mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Baadaye alilalamika hadharani kwamba alikuwa akilipwa kidogo sana kuliko wenzake aliowasaidia kung'ara. Alirudi kuendesha malori. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki mwezi wa nane mwaka 2020. Simlaumu hata kidogo, alikuwa na familia ya kulisha na milango ya mtu mweusi katika kazi hiyo ilikuwa miwili mitatu tu. Ila mtu akikwambia wazee hao waliheshimika, muulize kwa malipo gani.

Halafu mtazame Kofi Kingston. Mzaliwa wa Ghana, akakulia Marekani. WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, walipomleta kwenye televisheni mwaka 2008 alitambulishwa kuwa Mjamaika, na lafudhi ya Kijamaika juu. Baada ya muda lafudhi ikaachwa, akaanza kutangazwa kuwa ni mtu wa Ghana. Tarehe 7 Aprili 2019 alimshinda Daniel Bryan akachukua ubingwa wa WWE, wanawe wakapanda ulingoni kumkumbatia, na miezi michache baadaye akaupeleka mkanda nyumbani Ghana. Sikuahidi Wembley wala mkanda. Nakuonyesha tu kwamba kipaji chake kilibaki pale pale siku alipoacha kuigiza asili ya kubuniwa.

Kwa hiyo jibu langu: usikubali. Pauni 20 ni hela, sizidharau, kwa msimu wa kiangazi zinalipa kodi ya mwezi mmoja au zaidi. Lakini video hukaa. Siku hizi kila mzazi ukumbini ana simu mkononi, na ukiacha mieleka ukatafuta kazi nyingine, Mchawi wa Kongo atakuwa amefika kwenye usaili kabla yako.

Ila usiende kwa promota mikono mitupu. Anachosema kwamba uhusika umechuja kinaweza kuwa kweli. Watu wanarudi kambi ile ile kila mwaka na wamekuzoea. Mwambie hivi: “Nitakuwa mbaya kuliko nilivyokuwa, lakini sitakuwa mchawi. Nina kitu kingine, nipe maonyesho matatu nikuonyeshe.” Halafu umpe Mwalimu Mkuu.

Fikiria, mwanangu. Ni mwezi wa nane. Watoto wako likizo, wametoka kwenye bwawa, wana ice cream mkononi. Taa zinazimwa, unaingia na suti iliyopigwa pasi, tai, miwani, daftari la mahudhurio chini ya kwapa. Unashika kipaza sauti, unawasalimia, kisha unawakumbusha kwamba shule zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Unauliza nani hajamaliza kazi ya likizo, asimame. Unamnyooshea kidole mtoto wa safu ya mbele akwambie jedwali la kuzidisha la saba. Halafu mwema anaingia na kaptula ya pwani, na unamkuta na kosa la kuchelewa. Hutahitaji kukanyaga vidole vya mtu, paa litang'oka kabla kengele haijalia. Na watakaozomea zaidi ni baba zao.

Kiswahili chako utakitumia hapo, kwa heshima yake. Unaweza kuwahesabia jedwali kwa Kiswahili na kuwakemea kwa kutojua. Hapo lugha yako inakuwa ya mtu aliyesoma kuliko wao, mwenye kiburi kupita kiasi, na mwishoni anaangushwa chali kwa sababu ya kiburi chake. Ni ukisigino safi.

Akikataa, uhusika anaoutaka yeye mwombe akuandikie kwenye karatasi au kwenye ujumbe wa simu, uuhifadhi. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inaweza kukuhusu hata kama umejiajiri. Citizens Advice watakueleza inafika wapi. Na anza kuulizia mapromota wengine. Mtu mwenye leseni ya gari, anayejua kufunga ulingo na anayejua kuzomewa, hakosi wa kumchukua.

Mama sasa. Usibadilishane zamu. Akina mama wa kanisa watakapofika watauliza kijana wa fulani yuko wapi, na mtu wa mapokezi atawaambia bila nia mbaya kwamba yumo kwenye mieleka. Asilisikie kwa mtu wa mapokezi.

Mwambie mapema, nyumbani, kwa Kibembe, na uanze na neno kambi kabla ya neno mieleka. Nadhani bado hajakuelewa unapoishi mchana wako. Mweleze kwamba hizi kambi zilianzishwa ili mfanyakazi wa kiwandani, ambaye hakuwahi kuiona bahari, aweze kumleta mkewe na watoto wiki moja kwa mshahara wa wiki moja. Hivyo ndivyo Butlin alivyozitangaza. Mweleze kwamba uzio wa huko unazuia wasiolipa wasiingie, na watu wakitoka wanalia kwa sababu wanataka kubaki. Mama aliyekulelea Nyarugusu ana haki ya kuusikia utofauti huo kutoka kwako, polepole, na ukae naye akiuliza.

Kisha mweleze kazi yenyewe. Usianze na video. Kelele za ukumbi kwenye simu ndogo zitamtisha, ataona tu mwanawe anapigwa na umati unashangilia. Mwonyeshe kwa mwili: lala chini sebuleni, mwonyeshe jinsi unavyotua kwa mgongo wote na kidevu umekibana kifuani, jinsi mnavyoshikana mikono kwa kubonyezana kabla ya kila tendo. Mwambie hakuna hirizi, kuna mazoezi. Na umwambie ukweli kwamba umeumia kichwa. Najua hilo ndilo ungependa kuliruka. Lakini ukimwambia yote ukaacha hilo, atakayekuangalia usiku ukianza kutapika ni nani? Mama yako ndiye mtu pekee ndani ya nyumba hiyo anayeweza kugundua kwamba leo huongei kama jana.

Atakasirika, pengine siku mbili, pengine wiki. Umemdanganya miaka minne. Hiyo hasira ni yake, mwachie. Akishapoa, mwombe jambo moja: siku watakapofika mwezi wa nane, aje ukumbini asubuhi mnapofunga ulingo, kabla ya watu. Avue viatu apande, akanyage ubao, aguse kamba. Akitaka kuuombea mahali pale, aombe. Jioni, kama atakaa safu ya mbele au atabaki chumbani, aamue mwenyewe, na kama wenzake wa kanisani waambiwe au wasiambiwe, hilo pia aamue yeye. Kama daktari atakuwa amekuruhusu kufikia wakati huo, utapanda na tai yako. Kama hajakuruhusu, utakaa naye pale mbele, utamfundisha mahali pa kuzomea.

Ukishaongea na hao wa 111 niandikie, hata mistari miwili. Na wiki hii mtafutieni lile gari dereva mwingine.

Shangazi